Shimo ya Lupango Yetu

Majina yangu,

Nakuita hivi kwa sababu ulipozaliwa walikupa jina langu, na kambo, ni kusema bibi, hasahau mujukulu mwenye kubeba jina yake. Jirani, Mama Feza, ndiye ananiandikia. Nimemukataza kupamba maneno. Atakutumia picha ya karatasi hii kwenye telefone.

Tangu ulinipigia kutoka Kilwa, kule kwenye ziwa, sikai. Nafagia uwanja ya lupango yenye imekwisha kufagiwa. Naweka maji ya bukari, ugali yetu, kwenye mbabula ya makaa, naisahau mpaka inakauka. Uliniambia mimba iko ya miezi saba, nikapiga vigelegele. Kisha ukasema, "Kambo, nitazaa huyu mutoto kwa dunia gani?" Rezo ya telefone ikakatika. Ni ulizo gani ile ya kumuachia mukongwe mukononi?

Unakumbuka kichuguu? Tulipofika hapa Ruashi, karibu ya machimbo, kilikuwa kinapita nyumba ya jirani kwa urefu. Ulikuwa na miaka saba. Kambo yako mwanaume alikizunguka, akasema, "Hii iko nyumba. Inabaki kuichoma tu." Tukakichimba, tukafyatua matofali. Kazi yako ilikuwa kukanyaga udongo, matope mpaka mapajani. Ukakanyaga na tofali bichi moja, nikakukimbiza na muti wa kutwangia majani ya sombe. Kambo yako akacheka: "Muache. Ni sinyatire yake ile, ametia sahihi." Tukalichoma pamoja na mengine. Liko chini ya dirisha mpaka leo, na kidole chako kidogo kilichopinda.

Nyumba ikasimama. Mvua ya kwanza ikaja, ndipo tukaona ujinga yetu: tulikula kichuguu mpaka kikageuka shimo, mbele ya mulango wetu wenyewe. Maji ikajaa, bata ya majirani bakahamia. Uliniuliza, "Kambo, nyumba tuliitoa mule ndani?" Nikakujibu, "Ndiyo. Nyamaza, shika ndoo."

Leo kule machimboni banachimba. Banasema mawe yetu inaenda kwenye magari ya bantu ya mbali, magari yenye haitoe moshi, ili batoto babo bapumue muzuri. Hapa vumbi inaingia mpaka ndani ya sahani. Asubuhi zingine nabatukana. Halafu natazama shimo yetu, naacha matusi. Mama wa kule anataka kile nilitaka mimi: mutoto wake alale pakavu, ashibe, aishi kumupita yeye. Haiko ubaya. Ubaya ni kuchimba kwa muntu mwingine na kumuachia shimo. Sisi angalau tulianguka ndani ya yetu.

Na shimo tuliifanya nini? Tulimwaga majivu na maganda miaka mingi, kambo yako akapanda mutoto ya mugomba. Yeye alikufa mbele mugomba haijazaa. Ndizi ya kwanza ulikula wewe. Ulilia, kisha ukaomba ya pili.

Basi, dunia gani? Hii. Sina ingine niliyokufichia chini ya kitanda. Mama yangu naye hakujua kama nitaishi. Alinizaa, akaninyonyesha na hasira yake yote. Mimi pia naogopa, Majina. Naogopa tangu nilipomubeba mama yako tumboni, na bado napika.

Usije Ruashi kuzaa. Barabara itakutikisa, na hii vumbi siitaki kwa mapafu ya mutoto. Ni mimi nitakuja. Lori, ile kamyo yenye kuleta samaki, inarudi Kilwa juma hii, nimezungumza na shofere. Akaniambia, "Mama mukubwa, ile barabara inavunja mifupa." Nikamwambia, "Nimezaa saba. Wewe endesha."

Nakuja na mutoto ya mugomba kutoka shimo yetu, nimeufunga na gunia yenye maji. Ambia bwana yako achimbe shimo. Nyuma ya nyumba, siyo mbele ya mulango. Na asichimbe mpaka nifike nimuoneshe pa kuishia.

Kambo yako, jina moja na wewe, mwenye kukaa juu ya mizigo tayari.