Tulivyomzungusha Mama Mkwe Mlima wa Mawe

Buyenzi, Bujumbura
Kiangazi, 2004

Mama yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena kwa siku zote ambazo sijakuamkia. Goti lako vipi? Yule mama wa mawese aliyetoka huko Ujiji alituambia unakwenda tena sokoni bila kushikwa mkono, na mkweo Zaituni akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani kaolewa. Sisi huku wazima. Risasi zimepungua, gereji ina kazi, tunakula.

Sasa kaa vizuri nikusimulie, maana nimeona mambo, Mama, na tangu niyaone sijatulia.

Unajua mama yake Zaituni hakushuka mjini vita vyote hivi. Anakaa nyuma ya ule mgongo wa mawe ulio juu ya Gihosha. Miaka yote nimeutazama kutoka gereji, na kazi yangu nao ilikuwa moja tu, kuuogopa. Basi wiki iliyopita mwanamke anayeleta maharage sokoni akaja na habari: mama mkwe ameanguka kwenye mawe akitafuta kuni, paja limevunjika, limevimba, homa haishuki. Vijana wa mlima wake walishakimbia, wamebaki wazee na watoto, hakuna wa kumbeba. Zaituni hakulia. Alinitazama tu. Ningekuwa na pa kujificha, wallahi ningejificha.

Nikamchukua Swedi, yule fundi wa bodi niliyekwambia hafungi mdomo, na wenzetu wawili wa gereji. Tukapanda alfajiri kwa upande wa Gihosha. Njia fupi ya kukatiza juu hakuna anayeipita, wanasema imetegwa mabomu, kwa hiyo unazunguka chini ya mawe. Ee Mama! Kutoka mjini mgongo ule unauona mdogo. Ukifika chini yake, jiwe limesimama wima mpaka shingo inauma kulitazama, jeusi, linatoa maji baridi katikati ya kiangazi, na huko juu kabisa miti imeota pasipo na udongo. Swedi akanyamaza. Swedi! Kwenye kona moja nikageuka nyuma, na ziwa lote lilikuwa chini yangu, kuanzia Ruziba hadi kule linakopotelea kwenye ukungu, upande wenu. Nikakutafuta kwa macho kama mjinga. Nilisema Subhanallah mpaka pumzi zikaniishia, na hapo nilikuwa sijabeba kitu.

Tukamkuta mama mkwe mkekani anatetemeka, lakini macho makali vilevile. "Mumechelewa," akasema. Wazee wakatutolea ingobyi, kile kitanda cha kusuka kinachofungwa kwenye miti miwili, ndiyo ambulansi ya milimani. Tukamlaza. Kurudi tulikotoka haikuwezekana, kuna mahali mawe yamebana mtu anapita kiubavu. Wakatuambia tusonge mbele, tumalize kuzunguka mgongo mzima, tutokee Kiriri.

Hapo ndipo tulipofanya ujinga wetu. Sisi watu wa Buyenzi kubeba mtu tunakujua kwa namna moja, jeneza. Jua lilipochoma tukamfunika kanga mwili mzima, tukaenda mbiombio, vichwa chini, tunapokezana mabega, na midomo ikaanza yenyewe: la ilaha illallah. Kila tuliyekutana naye akavua kofia, akasogea pembeni, akafanya ishara ya msalaba. "Watu ya huku iko na heshima, sha!" Swedi akaninong'oneza. Mimi bega linakatika, naona haya kujitwika mkwe wangu begani kama gunia, na ninajiuliza mbona hakuna hata mmoja anayetupokea.

Mara kanga ikatupwa.

"Muko munanizika?" mama mkwe akafoka. "Mi sijakufa! Mufunue sura yangu, mupige kelele! Huku mutu asiposikia munaita, nani atakuja?"

Akatufundisha neno la Kirundi la kuita, "Mudutabare!", yaani njooni mtuokoe. Swedi akalipiga kwa sauti yake ya kugombea wateja.

Mama, mlima ukaamka. Mwanaume mmoja alitupa jembe akaja mbio. Wakatokea wengine migombani, wakaingiza mabega chini ya miti, sisi tukabaki tunatweta. Hakuna aliyeuliza huyu ni wa nani, wa kabila gani, katika nchi ambako watu wamechinjana kwa swali hilohilo. Walimbeba mpaka mwisho wa mlima wao, na hapo wengine walishasimama wanangoja, kwa sababu mwanamke mmoja alitangulia kupeleka habari. Ndiyo desturi yao: ukikutana na ingobyi, mzigo wako unaweka chini, unabeba. Nilikuwa natembea nyuma yao nalia, na sioni aibu kukuambia.

Kisha, kwenye pindo la mwisho la mwamba, zamu ya kubeba ikiwa imeturudia sisi, vijana wanne wenye bunduki. Nguo za kila aina, sikujua ni wa jeshi au wa msituni. Tukakauka. Mkubwa wao akamsogelea mama mkwe, akamtazama. Mama mkwe naye akamtazama.

"Unaangalia nini? Bega yako iko wapi?"

Yule kijana akampa mwenzake bunduki, akashika nafasi yangu. Alibeba mpaka kwenye mikaratusi, polepole, akimuuliza kama anaumia. Halafu akachukua bunduki yake akarudi.

Tukatokea Kiriri katikati ya majumba ya wakubwa. Dereva mmoja alikuwa anaosha gari la bosi wake, akafungua mlango wa nyuma kabla hatujasema neno. Hospitalini daktari alisema angechelewa kidogo tu, tungemzika kweli. Sasa yuko kwetu na plasta yake, anamfundisha Zaituni kupika kana kwamba hajui.

Nisalimie dada Mwajuma na wanawe, na mjomba Kondo, mwambie randa yake bado ninayo. Na shangazi Tatu aliyenilea

Samahani kwa hili doa la oili, Mama. Nilikuwa nimefika hapo kwenye shangazi, nimekaa kwenye tairi mlangoni mwa gereji, nikasikia watu wanaita barabarani. Walikuwa wanashuka na ingobyi kutoka upande wa Gihosha, wamechoka, magari yanawapigia honi. Mwaka jana ningetazama tu. Nilitupa kalamu nikakimbia, Swedi nyuma yangu na spana mkononi. Tumembeba mpaka hospitali. Alikuwa mzee wa kiume, ananipumulia sikioni njia nzima, na sijui jina lake wala kwao.

Mwanao,
Rajabu