Tuwapeleke Wapi Wakaone Wanyama

10 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, nyonga imepoa kidogo, na wanafunzi wako wa ushonaji hawakupandishi presha. Sisi huku wazima. Kasuku anaongea tangu anapofumbua macho. Mwalimu kamhamishia dawati la mbele ili anyamaze, na sasa anaongea na mwalimu. Mdogo wake ndiye yule yule: miaka sita, lakini ukimtazama anavyofunga kamba za viatu utadhani anawahi ofisini. Jina la Mzee ulilompa limemganda, hata shuleni wanamwita hivyo.

Ulisema simu ni ya salamu na jambo la kufikiria liandikwe, basi naandika. Agosti nina likizo. Kazini wamepata fundi mwingine wa lifti, kwa hiyo naweza kuzima simu bila mtu kubaki amening'inia kati ya ghorofa. Nataka kuwapeleka watoto wakaone wanyama. Marehemu mama yao aliwaahidi, nawe ulikuwepo. Mpaka leo hawajaona mnyama mkubwa kuliko ng'ombe.

Nimeulizia sehemu tatu. Kuna mbuga kubwa ya nyasi, yenye simba, tembo na makundi ya nyumbu, ila ni mbali na tutalala kwenye mahema. Kuna ziwa la viboko, unawatazama ukiwa kwenye boti. Na kuna ule msitu wa milimani wenye nyani na ndege, ambao hauko mbali na kwako. Chagua wewe. Tungependa sana uje nasi.

Mkweo


24 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua imefika ikiwa imekunjamana kana kwamba tarishi aliilalia. Mimi mzima. Nyonga inanikumbusha kila asubuhi kwamba bado ipo. Wanafunzi wa mwaka huu wana mikono mizuri ila masikio hawana.

Ziwa hapana. Mnyama anayejificha majini akatoa macho tu sina haja naye, ninao wa namna hiyo darasani. Mbuga nayo ni vumbi siku mbili, halafu mtu alale kwenye hema! Nilihangaika kujenga nyumba ya tofali nisije nikalala chini ya turubai uzeeni.

Chagua msitu. Watoto watafikia hapa kwangu, na mkishawaona hao nyani mniachie mpaka likizo iishe. Kasuku ana vidole vya mama yake, nataka nimfundishe cherehani. Akiwa ametia pini mdomoni labda atanyamaza.

La pili. Umeandika "tungependa". Watoto hawapendi, wao wanataka. Wewe ukiwa peke yako ungeandika "ningependa". Huyo mwingine ni nani?

Mama mkwe wako


30 Machi

Mama,

Shikamoo, na unisamehe kwa kuchelewa. Watoto wazima, wanakusalimu. Barua yako nimeisoma mara nyingi nikiwa juu ya mashine za lifti, na kila nikianza kujibu nakunja karatasi.

Ni kweli, yupo mtu. Ni dereva wa ambulansi. Mwaka jana lifti ya hospitali ilikwama akiwa ndani na machela tupu. Nilipofungua mlango nikamkuta amelala juu ya machela, usingizi mzito, akaniuliza kwa nini nimewahi kumfungulia. Ndivyo tulivyojuana. Watoto wanamwita Anti. Hakai kwetu, lakini Jumapili huja, na Kasuku amepata mtu wa kumsikiliza mpaka mwisho.

Sikukuficha kwa ubaya. Nilikosa pa kuanzia. Huyo unayeniuliza habari zake anakaa kwenye kiti cha mwanao, nami sijui mtu huandikaje jambo kama hilo kwa mama wa marehemu.

Yeye anaona twende mbugani. Watoto nao wanataka simba. Mimi nataka wewe ukubali, na uje.

Mkweo


18 Mei

Mama,

Shikamoo. Sijui barua yangu ilipotea au umeamua kuninyamazia. Simu inaita mpaka inakata. Jirani yako ameniambia kila siku unakwenda chuoni na kurudi, kwa hiyo najua u mzima na kwamba nimekuudhi.

Kasuku juzi ameuliza, "Bibi amegombana na nani?" Nikamwambia hajagombana na mtu. Mzee akasema, "Basi amegombana na Baba."

Nimeamua hivi. Twende msituni kama ulivyotaka. Tutakuja watatu tu, mimi na watoto, na tufikie kwako. Nimeshamwambia Anti kwamba safari hii abaki. Mambo ya mbuga tuyaache.

Niandikie hata mstari mmoja.

Mkweo


2 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua zako zote mbili zilifika. Sijaumwa. Nilikasirika, halafu nikaona aibu kwamba nimekasirika, na vyote viwili vinamfanya mtu asishike simu.

Sasa sikiliza, kwa sababu naona hujaambiwa. Alhamisi iliyopita nilikuwa darasani nawaonyesha wasichana namna ya kutia zipu, akaingia mwanamke mwenye sare ya ambulansi. Nikajua kuna mtu wangu amekufa.

"Hakuna aliyekufa, Mama," akasema kabla sijafungua mdomo. "Nimemleta mgonjwa hospitali ya hapa. Mimi ndiye yule wa kwenye 'tungependa'."

Darasa zima likageuka. Nikawaambia watazame vyerehani vyao. Nilimpa kiti, lakini sikumpa hata maji, na nilifanya makusudi.

Akasema hakuja kuomba ruhusa wala kulalamika kwamba ameachwa kwenye safari. Alikuja kuuliza. Siku moja akimkata Mzee kucha, mtoto kamwuliza, "Na wewe utakufa lini?" Wewe, Anti anaogopa kukuuliza, maana anasema akimtaja marehemu unatoka nje kuosha gari ambalo ni safi.

"Basi nimjibu nini, Mama?"

Nilitaka nimpe jibu la kibibi, nikaliacha. Nikamweleza ukweli: mimi pia aliniuliza vile vile, siku ya mazishi, nikampa pipi. Akacheka, halafu akalia, halafu akaona aibu kulia mbele ya wanafunzi. Ndipo nikainuka nikamletee maji.

Akaniona nilivyojishikilia kwenye meza. "Mama, ule msitu hupandwa kwa miguu. Ungepandaje?"

"Ningekaa getini niwasubiri."

"Kutwa nzima?"

"Ndiyo, kutwa nzima."

Akatikisa kichwa. Kumbe ulishamwambia habari za nyonga, na mbuga aliitaka kwa sababu mle unatazama wanyama ukiwa umeketi ndani ya gari. Wewe ukaandika kwamba "yeye anaona twende mbugani" ukaishia hapo. Fundi mzima wa lifti, unapandisha watu juu kila siku na sentensi moja inakushinda!

Alipoondoka nilikaa peke yangu na zile zipu. Niliuchagua msitu kwa sababu uko karibu na mlango wangu. Niliogopa kwamba akishaingia mama mwingine, watoto wataacha kuja, nitabaki bibi wa kwenye picha. Basi nikajitafutia pa kuwangojea, wala sikuwaza ningeona nini.

Twendeni mbugani. Mje mnichukue njiani. Na Anti awemo, la sivyo mimi simo.

Kuhusu lile swali la Mzee hatukupata jibu. Tulikubaliana tu kwamba asipewe pipi tena.

Mama mkwe wako


25 Agosti

Mwanangu,

Nawasalimu wote. Hapa nimefika salama, nimeoga mara mbili kutoa vumbi na bado masikio yananitoka mchanga. Nyonga haijalalamika kuliko kawaida. Kasuku amesahau soksi zake na kitabu chake cha wanyama. Nimeona ameandika pembeni ya simba: "Tumeona mkia." Ni kweli, mkia tu, na tulisubiri asubuhi nzima kwenye jua. Lakini Mzee hajali simba huyo. Tangu alipomwona yule ngiri anakula amepiga magoti, naye anataka kula hivyo hivyo, nimemwacha akijaribu. Mzuieni.

Kwenye hema nililala kama mtoto. Usiwaambie wanafunzi wangu.

Desemba njooni hapa, wote wanne. Msitafute pa kufikia. Chumba cha nyuma nimeanza kukitoa majora ya vitambaa.

Kuna jambo moja hukuliona kwa sababu ulikuwa umeshika usukani, na Kasuku alikuwa mbele anakuonyesha pa kupita. Ni pale tembo alipotokea vichakani ubavuni mwa gari, akatanua masikio, nawe ukazima injini. Huku nyuma Mzee alikuwa ameketi kati yangu na Anti. Aliruka akapiga kelele, nami nikanyoosha mikono nimpokee. Hakuja kwangu. Alimrukia Anti, akaficha uso shingoni mwake.

Mikono yangu ilikuwa imeshanyooka. Niliirudisha mapajani. Iliniuma, sitakudanganya, iliniuma kama sindano inapopita kwenye kucha. Nikageuka niwatazame. Kiganja cha Anti kilikuwa nyuma ya kichwa cha mtoto, kimetulia, na hakumwambia nyamaza. Alimwambia, "Hata mimi naogopa. Nimekushika."

Tembo akashusha masikio, akavunja tawi lake, akaenda zake. Mzee akainua uso, machozi na kamasi, akanigeukia.

"Bibi, umemwona?"

Nikamwambia nimemwona.

Mama yenu