Familia ya Tatu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, kifua cha Mama kimetulia, na mjukuu wako ameacha kuwakesheza kwa ajili ya meno. Mimi sijambo kwa kiasi. Hicho "kiasi" nitakieleza hapo chini, kwani ni wewe uliyenifundisha kwamba habari nzito hupewa kiti kwanza. Nimeiandika kwa mkono kama upendavyo, ila nitaipiga picha na kuituma kwa simu ya Kaka. Karatasi yenyewe haitatoka chumbani humu.

Ulipowatangazia majirani kwamba binti yako ameajiriwa na kampuni ya dawa, hukusema uongo, bali nilikuwa nimekupa nusu ya habari. Mkurugenzi wetu, ambaye wote humwita Mjomba kwa kuwa naye humwita kila mtu mpwa wangu, aliniita ofisini kabla hata sijapata meza. Alisema kampuni shindani inafanya utafiti anaouhitaji, na kwamba msichana mwenye shahada ya daraja la kwanza na uso wa mtoto aliyetumwa chumvi hapekuliwi na mtu. Niombe kazi kule, nimletee chupa moja tu ya kile wanachokitafiti. Nilijiambia kuwa siri ya dawa ikiibwa, mgonjwa hapati hasara. Na kusema kweli, Baba, nilifurahi kuchaguliwa.

Kule niliajiriwa bila shida. Kabla ya kuingia maabara ya ndani, kila mtu hupimwa barakoa. Fundi anayeshughulika nazo hukufunika kofia ya plastiki juu ya barakoa hadi mabegani, kisha hupuliza mvuke mchungu. Usipouonja, barakoa imekukaa. Ukiuonja, unasubiri nyingine iagizwe. Fundi huyo ni mcheshi. Aliniambia sura yangu ni ndogo kama kisosi, na kwamba wasomi ndio wanaomsumbua, maana wamezoea kufaulu hata mtihani usio na alama. Nilicheka, nikamwambia sionji kitu, akanigongea muhuri.

Ndani hapakuwa na dawa. Palikuwa na visanduku vya vioo vyenye panya, vimeunganishwa kwa mirija ya hewa, na kila kundi liliitwa familia: baba, mama, bibi, kitoto. Mmoja aliambukizwa, wengine wakavuta pumzi yake tu. Asubuhi wafanyakazi waliulizana, huku wakikoroga chai, familia ya tatu imeamkaje; na mwenzangu wa zamu akajibu kuwa bibi ametangulia, kitoto kinafuata, baba bado anajikaza. Walicheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka. Hakuna aliyekuwa akitafuta tiba. Walikuwa wakipima mwendo wa ugonjwa ndani ya nyumba moja, kwa niaba ya mnunuzi ambaye hakutajwa.

Nilimpigia Mjomba nikamweleza kwamba ile ni silaha, nikaomba kurudi. Alijibu kwa upole kwamba analijua hilo tangu mwanzo, na kwamba yeye pia ana mnunuzi. Chupa sikuweza kuitoa, kwa kuwa mlangoni tulivuliwa kila kitu na kuoga mbele ya mlinzi. Aliposikia hivyo alisema nisijali, riziki haina mlango mmoja.

Baba, sasa kaa. Ule mvuke niliuonja. Ulikuwa mchungu hadi kooni. Nilisema sionji kwa sababu sikutaka kuonekana nimeshindwa siku ya kwanza, na kila siku niliingia mle na barakoa inayovuja. Juzi homa ilinishika, nikakohoa kama ninavyojua wanavyokohoa wale panya.

Nilikiri kwa Mjomba nikitarajia matusi. Alifurahi. Alimtuma daktari aliyejifunika mwili mzima, akanitoa damu, na Mjomba mwenyewe akaniita shujaa kwenye simu, akisema nimeileta chupa bila chupa. Kisha akanipa likizo yenye mshahara na gari la kunileta kwenu. Aliuliza tunalala wangapi chumba kimoja, kama Mama bado anakohoa, na mtoto ana umri gani. Nilimjibu yote kwa adabu, kama mtu aliye kwenye usaili, hadi nilipojisikia nikisema "bibi" na "kitoto", nikakata simu.

Nimejifungia chumbani. Nimeipigia hospitali ya serikali, wamesema watakuja wakiwa wamejikinga. Lakini sijui gari litakalotangulia kufika ni la nani, wala sijui nitakuwa na nguvu kiasi gani za kukataa. Kwa hiyo nakuomba leo hii umpeleke Mama na mtoto kwa Shangazi, nawe uondoke pamoja nao. Ukichelewa kuondoka, na gari likasimama langoni, usifungue. Nikiwa ndani yake nikikuita, usifungue. Nikisema nimepona, kwamba barua hii ilikuwa ya homa, kwamba nina kiu, bado usifungue, Baba. Natamani mno kurudi nyumbani, ndiyo maana naliandika hili sasa, wakati akili bado ni yangu.

Mpe Mama pole yangu, umbusu mtoto kwa niaba yangu, na Kaka umwambie asinifuate. Radhi yako ndiyo ninayoiomba.

Ni mimi binti yako,
Msomi wako