Mgomba Tuliouzika kwa Jina Lako

Elibariki, mume wangu,

Jana tumekuzika, na nakuandikia kwa sababu katika ukoo mzima ni wewe tu ambaye hukuwepo. Watu walikuwa wengi. Wajomba zako walichimba kaburi kwa zamu kando ya mikahawa ya marehemu baba yako, ndizi nyama zikapikwa kwenye masufuria ya kuazima, mama yako akalia mpaka sauti ikamkauka. Kilichoingia kaburini ni kipande cha mgomba kilichoviringishwa shuka jeupe. Mila za kwenu unazijua kuliko mimi: mtu akipotea asionekane, ukoo humzikia mgomba ili naye awe na mahali pake nyumbani. Nilikataa kwa muda mrefu. Nilikuwa najiambia kwamba siku nitakayoukubali mgomba, nitakuwa nimekubali kuwa hurudi.

Sasa nimekubali, na moyo wangu hauna hata pa kushika. Lakini nataka ujue ni mgomba gani. Ni ule wetu.

Unakumbuka mgomba huo ulikotoka? Tulipofunga ndoa, watu wa mjini walikuwa wameanza mambo ya fungate, wenye nazo wanakwenda mpaka Mombasa. Kiwanda chenu cha nguo kilikuwa kimeshafungwa, wewe unatembeza mitumba vijijini kwa baiskeli, mimi nashona zilizochanika kwa cherehani ya mama yangu. Nikakutania, "Na sisi fungate letu liko wapi?" Ukaiangalia baiskeli iliyoegemea ukuta wa chumba chetu pale Themi, ukasema, "Panda. Tunapita kijiji kwa kijiji ubavuni mwa mlima, tuanzie Olmotonyi mpaka kwa mama. Na hatuuzi hata soksi." Kaka zangu kule Machame walicheka wakashika mbavu. Dada yetu ni Mchaga gani huyo, walisema, apite vijiji vyote hivyo asiuze kitu!

Olmotonyi tulifikia kwa yule bibi wa Kiarusha, mteja wako wa masweta, uliyekuwa unamwita Koko kama wajukuu zake.

"Takwenya, Koko!" ukamsalimia kwa lugha yao.

"Iko!" akaitikia, akaniangalia juu mpaka chini. "Huyu ndiye mke? Mbona umempakia kama robota la mitumba?"

Alitupa maziwa ya kwenye kibuyu, tena akanilazimisha nimalize. Asubuhi tunaaga, akaingia shambani na jembe, akarudi na chipukizi la mgomba lenye udongo wake, akaniwekea mapajani nikiwa nimeshakaa kwenye keria. "Nyumba bila mgomba ni banda," alisema. "Mshike vizuri, usimwangushe mtoto." Nikalipakata njia nzima. Nguo yangu nzuri ya kitenge ikapata doa la utomvu ambalo mpaka leo halijatoka, na sabuni za kila aina nimejaribu.

Watu wanaopita barabara kuu wanadhani Meru ni mlima mmoja. Sisi tulioukata ubavuni tunajua ni mabonde tu, kila mto na mteremko wake na mpando wake. Kupanda tulisukuma wote wawili, tukihema, watoto wakitusindikiza. Kushuka ndiko kulikokuwa na kazi, maana breki za ile baiskeli zilikuwa za kumwomba Mungu. Ni wewe uliyebuni ile mbinu, tulipotazama chini ya mteremko wa kwanza na miguu yangu ikakataa. Ukafunga kanga yangu kwenye keria, ukanipa ncha nyingine nivute kwa nyuma, wewe ukashika usukani mbele. Ulikuwa unapiga kelele, "Breki!" na mimi naitikia, "Ipo!" "Breki!" "Ipo!" Mabonde yote hayo, Ilboru, Moivo, Sokon mpaka Nkoaranga, tuliyashuka hivyo. Akina mama waliokuwa wakichuma kahawa walisimama kutuangalia. Mmoja aliuliza kwa sauti, "Baba, huyo ng'ombe unampeleka mnadani?" Ukamjibu, "Hapana mama, huyu ng'ombe ndiye anayenipeleka mimi!" Nilicheka mpaka nikaiachia kanga, na nusura uingie mtoni.

Siku zile nilikuwa na furaha ambayo sikujua kwamba ni nyingi. Nilidhani ndiyo maisha yenyewe yameanza, na mengine yanakuja.

Mama yako alilipokea lile chipukizi kwa mikono miwili, halafu akaturudishia. "Kapandeni pale mnapolala," alisema. Tukalipanda nyuma ya chumba chetu Themi, upande wa mtoni, mwenye nyumba akinung'unika. Likashika. Mkungu wa kwanza tuliugawa kwa majirani, ukazunguka nao mlango kwa mlango kama baba wa mtoto.

Halafu mitumba ikawa ya kila mtu. Kila aliyepunguzwa kazini alinunua robota, na vijijini wakaanza kufika wenye magari. Ulikuwa ukirudi na mzigo kama ulivyoondoka nao. Vijana wa mtaani wanatoka kuchimba tanzanite Mererani na mawe mfukoni, wanajiita wana-apolo, wanamwaga bia. Sikukuona ukiwaonea wivu. Nilikuona ukihesabika kuwa si kitu, na hilo ndilo lililokutoa nyumbani.

"Nikirudi tutauzunguka mlima tena," uliniambia asubuhi ile. "Safari hii kwa gari."

"Mimi gari silitaki. Nitavuta wapi kanga?"

Ulicheka. Ukaniachia baiskeli, ukapanda lori la watu kwenda Mererani. Mvua zikaja, maji yakaingia mashimoni. Nilikwenda mpaka kule, nikasimama na wake wa wenzako kwenye tope, tukaambiwa tusubiri maji yapungue. Yalipopungua, wengine walipewa watu wao. Mimi sikupewa kitu, Elibariki. Hata shati.

Basi nikarudi kusubiri. Cheni niliipaka mafuta, matairi nikayajaza upepo, maana nilisema akija asikute nimeiua baiskeli yake. Nikajifunza kuiendesha kwenye uwanja wa shule, mtu mzima na sketi yangu, nikianguka. Ndugu zako walikuja kuzungumzia mgomba, nikawapa chai na kuwarudisha. Wakaja tena. Mdogo wako Anaeli aliniita mbishi, nikamwambia asante.

Aliyenishinda ni mama yako. Alikuja peke yake, mgonjwa wa miguu vile, akakaa kwenye kitanda chetu. Hakunilaumu. Alisema, "Mwanangu, wewe unamngoja mume, una haki. Lakini mimi kila mvua ikinyesha naona mtoto wangu analowa. Nipe mahali pa kumfunika."

Nilitoka nje, nikaushika mgomba wetu, ambao kwa kweli sasa ni mjukuu wa lile chipukizi, nikalia. Nikarudi ndani nikamwambia sawa, ila mgomba ni huu, na nitamleta mimi.

Anaeli alikuwa ameshakodi pikapu. "Shemeji, gari hili hapa, mateso ya nini?"

"Kaka yako amewahi kwenda kwa mama yake na pikapu?"

Akaenda kuchukua panga. Tulikata kipande kinachonifika kifuani, tukakifunga kwenye keria, pale pale nilipokuwa nakaa mimi. Wewe nyuma, mimi mbele. Nikapita njia yetu ya juu, si barabara kuu. Pale pa kusukuma tulisukuma, Anaeli akikokota viatu vyake vya kanisani kwenye vumbi. Pale pa kushuka nilimfungia kanga, nikamwonyesha anavyopaswa kuvuta. Nilijaribu kuita lile neno letu, halikutoka. Utomvu ulinichuruzikia mgongoni njia nzima. Wewe uliyekuwa huwezi kukaa kimya hata kwenye ibada ya mazishi, safari hii hukusema kitu.

Mchungaji alituambia mapema kwamba atawaombea wafiwa, lakini ibada ya maziko hawezi kuusomea mgomba. Akasimama kando kidogo, Biblia kwapani. Mama yako ndiye aliyeweka udongo wa kwanza, akausawazisha kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Halafu akapumua. Kwa pumzi ile sijuti.

Lakini usinidai utulivu, sina. Shangazi yako alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Sasa uko huru, bado kijana, hakuna atakayekusema." Aliongea kwa wema, nami nilitamani kumpiga. Huru na nini? Mpaka juzi nilikuwa mke wa mtu ambaye hajarudi. Leo ni mjane, na neno lenyewe linanibana kama kiatu cha mtu mwingine.

Leo asubuhi nimeaga. Walitaka nisindikizwe, nikakataa. Unaujua ule mteremko wa kutoka kwenu kuja Kikatiti, ule uliokuwa ukisema hata mbuzi anashuka akisali. Nilipofika kichwani pake nikashuka kwenye baiskeli, nikaifunga kanga kwenye keria, nikaenda nyuma, nikakaza mikono. Sikufikiri. Mwili wangu ndivyo unavyojua kushuka mlima. Nikasema kwa sauti, "Ipo!"

Baiskeli ikaenda hatua chache, usukani ukageuka wenyewe, ikaanguka ubavu. Mbele hapakuwa na mtu wa kuishika.

Nilikaa hapo njiani, ncha ya kanga mkononi, nikakulilia kama ambavyo jana sikukulilia. Kwaheri, Elibariki. Lala pakavu.

Mkeo