Kizibo Mfukoni

Jumatatu, 6 Julai 1987
Asubuhi nimepanda nguzo ya karakana. Kunguru wamejenga tena juu ya nyaya zangu za simu. Nimewahamisha kwa heshima. Sasa simu ya meneja inasikika kama mtu yuko chumba cha pili. Nani mwingine mgodi huu anaweza? Hakuna.
Mchana kaletwa fundi kutoka Dar. Shomari. Mzaramo, kwa hiyo mtani wetu Wasukuma. Ana kitana kwenye mfuko wa shati. Kaja kuunganisha kompyuta kubwa, mama lao, itakayokaa ofisini na kutunza hesabu zote za mgodi. Ndogo ya stoo iwe inamuuliza yeye. Meneja kasema ambaye waya wake utafaa ndiye atakabidhiwa ufunguo wa chumba cha mama lao. Kina kipoza hewa. Nautaka ufunguo huo kuliko nilivyotaka baiskeli.

Alhamisi, 9 Julai
Mabishano ya waya. Mimi: waya wangu wa simu upo tayari, umefika mpaka stoo, haujawahi kunitia aibu. Yeye kafungua boksi, katoa kebo nyeusi, nene kama mkia wa panya aliyeshiba. Nikamwambia mbele ya watu, "Mzaramo wewe, kebo nene, akili nyembamba." Sikuwa natania. Watu wakacheka. Yeye akacheka kuliko wote. "Msukuma, waya wako kafungie ng'ombe." Akanivua kofia, akaivaa. Haki ya mtani. Kashinda nayo kutwa. Imemkaa kuliko inavyonikaa mimi.
Nimefika Kampala mimi. Kigoma, Mombasa. Sijaona mtu anatukanwa akanenepa.

Ijumaa, 10 Julai
Kaja kwangu kula bila kualikwa. Paja lote la kuku, lake. Kasema "wabeja", asante ya kwetu, kwa ulimi wa pwani, na mke wangu mama Kulwa kacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu mapacha wazaliwe.
Nina wivu. Basi, nimeandika.

Jumamosi, 11 Julai
Jaribio. Waya wangu kwanza. Ukakubali. Stoo ikauliza misumari mingapi, mama lao akajibu. Nilitembea uwanja mzima nikipokea shikamoo hata za wakubwa zangu.
Kisha wakawasha mashine ya kusaga mawe. Herufi zikaanza kucheza bugobogobo. Misumari ikawa nyayo za kuku. Waya wa simu unadaka kelele za mota. Sikio la mtu linavumilia, kompyuta haivumilii. Kebo yake, iliyotandazwa chini kwa jaribio tu, ina wavu wa shaba ndani, unakinga. Kelele zilezile, kebo haisikii kitu, herufi zimenyooka.
Hakunicheka. Ningemshukuru kama angenicheka.

Jumatatu, 13 Julai
Kutwa tunavuta kebo. Niliyeko darini na popo ni mimi. Yeye yuko chini: "Kulia kidogo, mtani." Kila mwisho wa kebo panafungwa kizibo cha chuma, kama ncha ya kidole. Bila kizibo, anasema, maneno yanafika mwisho, yanagonga, yanarudi kugongana na wenzao, na laini nzima inakufa. Kaja na viwili tu.
Kimoja kilikuwa dirishani. Sasa kiko mfukoni mwangu. Yeye kachukua kofia, mimi kizibo. Utani.

Jumanne, 14 Julai
Laini imekufa. Shomari kapekua boksi. Kafagia sakafu ya stoo kwa viganja, magoti chini, kitana kikaanguka, hakukiokota. Meneja kampa mpaka kesho. Ikishindikana anarudi Dar na barua mbaya nyuma yake. Ufunguo nimeuona mezani kwake.
Jioni nikamsimulia mama Kulwa, nikicheka. Hakucheka.
"Kofia yako aliivua watu wakiona, baba Kulwa. Hicho umekichukua nani akiona?"
Ugali nikauacha.

Jumatano, 15 Julai
Nimeingia ofisini. Meneja yupo, makarani wapo. Nikakiinua juu. "Mzaramo, kizibo chako mateka. Kikomboe kwa kofia yangu."
Wakacheka wote, hata meneja. Shomari alinitazama kwanza. Kisha akavua kofia, akanivalisha mwenyewe.
"Utani huu umelala mfukoni, Msukuma," akasema polepole, mimi tu nisikie.
Kizibo kikafungwa. Stoo ikauliza, mama lao akajibu, mashine ya mawe ikinguruma itakavyo. Ufunguo kapewa yeye. Anabaki nao hapa. Nimepiga makofi. Viganja vinaniwasha hadi sasa.

Jumapili, 19 Julai
Hakuna kazi. Upepo na vumbi. Nimechinja kuku. Tangu Jumatano Shomari hajapita kula. Mama Kulwa kaweka paja pembeni mpaka likapoa, halafu kawagawia mapacha.
Kofia inanukia mafuta yake ya nywele. Mama Kulwa anataka kuifua, nimemkataza. Kesho asubuhi, makarani wakiwepo, nitapita nayo kichwani mbele ya chumba chake. Taratibu, mkono wake uifikie.