Tisini na Moja Kwenye Foleni ya Sukari

Jumamosi, Nyakato

Huu mdomo wangu! Leo kwenye foleni ya sukari nilipewa namba tisini na moja, nami niliyesoma hesabu mpaka Kampala nikajigamba: "Hii ni namba tasa!" Nyuma yangu kasimama dada yangu Nyangeta, aliyerudishwa na mumewe toka Bunda kwa kukosa mtoto. Neno lile lile walilomfukuzia.

Akasema, "Saba mara kumi na tatu, mdogo wangu. Umesahau mtama?"

Nisahau wapi! Tulikuwaga tunapanga punje kwa mistari, tatu tatu, saba saba, kutafuta isiyobakiza, mpaka mama anakosa za kusaga.

Foleni ikanicheka. Naye akacheka, mara ya kwanza tangu arudi. Basi nikadai mia moja arobaini na tatu haigawanyiki kabisa. Najua inagawanyika. Nilitaka anisahihishe tena.