Fundi Bomba Anayewafukuza Wanunuzi

Mpendwa Shangazi mshauri, shikamoo, naomba msaada wako maana nyumbani kwangu siku hizi najibiwa "ndiyo" na "hapana" tu, na anayenijibu hivyo ni mke wangu, mtu ninayempenda kuliko mtu yeyote.

Mimi ni fundi bomba, mwaka wa ishirini na mbili huu, na mimi na mke wangu tuna nyumba ya kupangisha ya vyumba vinne ambayo tuliinunua ikiwa gofu, kuta tupu, hata mlango haikuwa nao, tukaiinua kidogo kidogo, mimi nikichimba mitaro na yeye akinipitishia mabomba kutoka upande wa pili wa ukuta, na kila kiungo cha bomba mle ndani nakijua kama meno yangu, na wapangaji wetu ni watu wazuri, yupo mwalimu, yupo kinyozi na familia yake. Sasa mke wangu anakata vitambaa katika kiwanda cha sare, kazi ya kusimama, miaka kumi na moja, jioni anarudi miguu imevimba anaitumbukiza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na habari yake ni moja tu, fremu ya duka inayouzwa kando ya barabara kubwa, ina chumba nyuma, ashone vyake akiwa ameketi, na mwenye fremu amesema atatusubiri mpaka mwisho wa mwezi, kwa hiyo tukakubaliana tuuze nyumba, tena nilikubali kwa mdomo wangu mwenyewe, hakuna aliyenishikia fimbo.

Shida ni mimi. Katika kazi yetu, Shangazi, ukifika kwa mteja unaanza na ubovu, unamwonyesha panapovuja kabla hujafungua begi la vifaa, ndiyo maana mtaani wananiita Mkweli, basi akaja mnunuzi wa kwanza, muuguzi mstaafu, hata hajakaa sawa nikampeleka chini ya sinki nikamwonyesha kutu, akashukuru akaondoka, wakaja mtu na mkewe nikawaambia presha ya maji inashuka asubuhi wapangaji wakioga wote pamoja, nao wakaenda zao, halafu juzi dalali akamleta mwoka mikate, mtu wa haraka, nyumba ameshaipenda, anauliza tu kama wapangaji atabaki nao, mimi nikamshika mkono nikamwonyesha kona ya dari nikamwambia hapa mvua inaingia, ingawa paa hilo nililiziba mwenyewe mwaka juzi na tangu hapo halijadondosha tone, sijui hata kwa nini nilisema, dalali akashika kichwa, na mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, akanitazama, akageuka akaenda zake.

Naomba uniambie, je, muuzaji mwema anaficha ubovu? Wapangaji tuwatoe kwanza au tuuze wakiwamo? Na mke wangu nimwambie nini?

Ni mimi, Mkweli.

*

Marahaba, Mkweli. Jina hilo nitakuachia kwa leo, ila kwa masharti. Na nimemwomba mhariri aipitishe barua yako mbele ya foleni, sababu utaiona.

Ubovu haufichwi, hapo hatugombani. Kutu ni kutu. Lakini paa lililozibwa? Mwanangu, huo si ukweli, hiyo ni fitina, tena unaifitini nyumba yako mwenyewe! Wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wewe unacho kizuri na unakizushia aibu. Hutaki kuuza, ndiyo habari yenyewe. Mdomo ulisema ndiyo, moyo ukabaki kwenye mitaro yako, na badala ya kumwambia mkeo "naumia," ukaituma kutu ikusemee. Mficha uchi hazai. Nakuonea huruma, kwelikweli, maana nyumba uliyoijenga kwa mikono yako haikutoki kirahisi. Ila uchungu wako unabebwa na mtu mwingine, tena anaubeba akiwa amesimama kutwa.

Sasa sikiliza. Leo, si kesho, mwambie dalali akurudishe kwa yule mwoka mikate. Mwombe radhi, weka ngazi, apande akaone kiraka kwa macho yake. Bomba la chini ya sinki libadilishe. Fundi mzima huoni haya kuonyesha watu kutu? Habari ya presha iandike kwenye karatasi, asome kabla hajatia sahihi. Wapangaji usiwatoe. Anayenunua nyumba ya kupangisha hufurahi kuikuta na watu wake, basi mkabidhi mikataba yao, na wao waambie mapema kwa kinywa chako. Hati isitoke mikononi mwenu mpaka benki ithibitishe kwamba fedha zimeingia, na wakili awepo.

Fremu nayo msiinunue kwa mahaba. Nendeni ofisi ya ardhi mhakikishe anayeiuza ndiye mwenye jina, waulizeni majirani kama ina mgogoro, mkae pale asubuhi na jioni muone nani anapita. Mabomba yake uyakague wewe, hapo ndipo jicho lako la ubovu linapotakiwa. Na hati mpya iwe na majina yenu wote wawili.

Limebaki la mkeo. Nilikuwa nimejiandaa kukukaripia zaidi, lakini wiki hii nilipata barua ya pili: mwanamke anayekata vitambaa, mume fundi bomba, nyumba ya vyumba vinne. Ataniwia radhi kwa kulisema hili. Anasema wanunuzi wakishaondoka humwona mumewe akipapasa ukuta kwa kiganja, polepole, akidhani yuko peke yake. Hajanuna, Mkweli. Ananyamaza kwa sababu akifungua mdomo atalia. Ameamua kumpigia simu mwenye fremu amwambie atafute mtu mwingine, kwani miguu yake, anasema, imeshazoea. Kwangu anaomba jambo moja tu: amwambieje mumewe kwamba hawauzi tena, bila mumewe kujiona mkosaji.

Sijamjibu, wala sitamjibu. Kunja gazeti hili, uwahi nyumbani kabla hajapiga hiyo simu.